Siku tulipoandika upya historia ya repo

Mwenzetu mpya alikuwa Kigoma, sisi tuko Sinza, Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa programu ya simu ya kuwasomea watoto hadithi, na msimbo wake ulikuwa megabaiti chache tu. Alipoanza kuivuta repo, yaani ghala la msimbo pamoja na historia yake yote, bando likaisha njiani. Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, ikikatikia katikati ya kunakili haiendelei ilipoishia, unaanza upya. Akaongeza bando, likaisha tena. Akanipigia: "Kaka, mmeweka nini humu ndani?"

Ilikuwa sauti. Studio walirekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, ambayo kwa ubora wa CD hula kama megabaiti 10 kwa dakika. Kila msimulizi aliporudia sentensi moja, faili zima liliingizwa upya. Maandishi Git huyabana vizuri kwa kutunza tofauti tu, lakini rekodi ikishaongezwa sauti au kusafishwa, karibu kila baiti imebadilika, kwa hiyo nakala nzima nzima zinarundikana. Folda yenyewe ya sauti ilifutwa kabla sijaajiriwa, ukifungua mradi huioni. Historia lakini bado imo ndani ya .git, folda iliyofichwa ambamo Git hutunza kila kitu, na anayevuta repo anabeba yote.

Iliniuma sana. Sisi tuna faiba ofisini. Anayelipia uzembe huo ni aliye mbali, kwa hela yake ya mfukoni. Nikamwelekeza atumie `--depth 1`, avute toleo la mwisho tu, angalau aanze kazi.

Jumamosi tukakaa. Kila mtu akasukuma kwenye seva alichokuwa nacho, tukachukua nakala ya akiba, kisha nikaendesha git filter-repo, zana ya kuandika upya historia, kuing'oa ile folda katika historia yote. Rekodi mpya tukazipeleka Git LFS, nyongeza ya Git kwa ajili ya faili kubwa: ndani ya repo kinabaki kifaili cha maandishi chenye toleo la muundo wake, alama ya sha256 inayotambulisha sauti hiyo, na ukubwa wake, sauti yenyewe inakaa kwenye seva mpaka uihitaji.

Tatizo la kuandika historia upya ni kwamba alama zinazotambulisha kila toleo zinabadilika, hivyo kila mmoja lazima afute nakala yake na avute upya. Tulilisema hilo kwa msisitizo. Jumatatu mmoja wetu akaunganisha tawi lake la zamani, yaani mkondo wa kazi uliobeba historia ya awali, na kusukuma, na uchafu wote ukarudi. Tukasafisha tena, na safari hii tukaweka kizuizi kwenye seva: faili kubwa likija nje ya LFS, linakataliwa palepale.