Kumbukumbu ya mradi wangu: neno "lebo" lilivyofunga duka la mama mdogo

Jumamosi usiku

Natunza vikoa (majina ya tovuti) vinne bila malipo: changu, cha kwaya, cha chama chetu cha kuweka na kukopa, na cha duka la vitenge la mama mdogo. Ukijumlisha ni rekodi 71 za DNS, mfumo unaoelekeza majina ya mtandaoni kwenye seva zake, na karibu nusu sikumbuki nani aliziweka wala kwa nini. Kero hasa ni zile TXT, rekodi za maandishi, za kuthibitisha umiliki, herufi na tarakimu zilizoshonana, zimekaa tu. Nataka kila rekodi iwe na tagi: ya nani, inafanya kazi gani, ikizimika nani atapiga simu. Kwa kuwa kubofya kunanichosha, nimeandika kizana kidogo cha MCP, ile itifaki ya kuunganisha akili unde na zana za nje ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, ili wakala wa akili unde asome rekodi kupitia API (mlango wa programu) ya mtoa huduma na kubandika tagi mwenyewe.

Mtoa huduma wangu hana mahali pa tagi, kwa hiyo zinakaa kwenye faili la maandishi la YAML pembeni. Nilianza kwa kuitambua kila rekodi kwa jina na aina. Haikufika mbali. Kwenye mzizi wa kikoa cha kwaya kuna TXT tatu, jina moja, aina moja, na tagi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe za kikoa) ikazivaa zote. Sasa natumia jina, aina na thamani kwa pamoja.

Jumapili

Aibu. Jana kabla ya kulala nilimwambia wakala: "Badilisha lebo ya rekodi ya duka iwe mama-mdogo." Akajibu kwa adabu kwamba amemaliza. Na kweli alimaliza, ila mimi nilimaanisha tagi. Kwenye DNS, lebo ni kipande cha jina kilicho kati ya nukta na nukta, kisichozidi herufi 63. Ndivyo ilivyo kwenye RFC 1035, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 1987. Tena ni mimi niliyeandika kwenye maelezo ya kizana kwamba `lebo` ni kipande hicho. Basi `duka` likageuzwa `mama-mdogo`, na jina la zamani likatoweka.

Simu iliita saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Wateja wananiambia duka halifunguki. Umelifanya nini, mwanangu?"

Shikamoo ilibaki hewani.

Kurudisha jina kulichukua dakika mbili. Nikaiuliza seva yenye mamlaka, ile inayoshika rekodi zenyewe, kwa amri ya `dig`, ikajibu sawasawa. Simu ya mama mdogo bado ikasema hakuna kitu kama hicho. Hili nililisoma zamani nikalipuuza: seva za njiani hukumbuka hata kutokuwepo kwa jina. Zikishaambiwa halipo, hushikilia jibu hilo kwa muda ambao kwa kawaida ni ule wa namba ya mwisho kwenye SOA, rekodi ya mipangilio ya kikoa kizima (RFC 2308, ya 1998). Yangu ilikuwa sekunde 3600. TTL (muda wa kukumbukwa) ya rekodi yenyewe nilikuwa nimeishusha mpaka 300 nikajiona mjanja, kumbe siyo iliyohusika. Tukangoja karibu saa nzima, naye akinipigia kila baada ya dakika kumi. Ile ya SOA nayo nimeishusha iwe 300.

Jumanne

Nilijaribu njia ya mkato kwanza, nikaongeza sentensi kwenye maelekezo: usiguse majina ya rekodi. Alitii mara nyingi. Kwa kitu kinachobeba barua pepe za watu, "mara nyingi" sikuitaka.

Kwa hiyo neno `lebo` nimeling'oa kila mahali. Kuna `weka_tagi`, inayoandika kwenye faili la YAML tu. Kuna `pendekeza`, inayochapisha mistari ya kutoa na ya kuongeza kisha inakaa kimya. Tokeni (ufunguo wa API) aliyo nayo wakala ni ya kusoma tu. Ya kuandika iko kwenye skripti nyingine ambayo mimi ndiye ninayeiendesha, na haianzi mpaka niandike "ndiyo" kwa herufi zote. Inachosha kidogo, lakini nimeizoea.

Alhamisi

Rekodi 70 zina tagi. Wakala alinionyesha CNAME mbili za kwaya, rekodi zinazoelekeza jina moja kwenye jina lingine, zinazoelekea kwenye huduma waliyoiacha kitambo. Hizi ni hatari kweli: mtu mwingine akijisajilia jina lile kule, ukurasa wake unafunguka chini ya jina la kwaya. Nimezifuta kwa mkono wangu.

Saa hiyohiyo akabandika `haitumiki` kwenye rekodi yenye `_domainkey`. Hoja yake: hakuna tovuti inayofunguka hapo. Itafungukaje, ndugu yangu, wakati ni ufunguo wa DKIM wa kuhakiki saini za barua pepe? Ningeukubali ushauri ule, barua za kwaya zingeanza kuangukia kwenye taka. Sasa jina lolote lenye kipande kinachoanza na kistari cha chini halipewi tagi hiyo kabisa.

Imebaki TXT moja ya chama, tarakimu tupu, haifanani na uthibitisho wowote ninaoujua. Nimeipa tagi `muulize-mjomba`, maana kabla yangu ndiye aliyekuwa anatunza. Nimempigia, amesema atatafuta kwenye daftari lake akirudi shamba.