Redio ya gari ilinyamaza, kumbe redio haina kosa

Wiki tatu nimeendesha gari kimyakimya kama natoka msibani. Ni steshen wagoni ya Mjerumani ya 2006, na ilianza asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, nawasha, skrini inaleta nembo inazima, inaleta inazima, redio hakuna, CD hakuna, hata simu haiungi. Nikajua fyuzi tu. Fyuzi zote nzima.

Fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, zikaja kodi za makosa kibao, redio haijibu, amplifaya haijibu, CD haijibu. Akasema bosi redio imeungua, tafuta ya mtumba, laki saba na nusu. Nikajiuliza, vitu vitatu vife usiku mmoja, wamelogwa?

Ikabidi nisome. Kwenye magari mengi ya Ulaya ya miaka ile (BMW walianza 2001) muziki unapita kwenye faiba ya plastiki kwa mwanga mwekundu, mfumo unaitwa MOST, na vifaa vimepangwa duara, huyu anampokea huyu anampasia yule mpaka irudi ilikoanzia. Ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba inaungua, mmoja akikaa chini ndoo haifiki, na wote wanaonekana wavivu. Ndo maana mashine inawalaumu wote.

Uzuri wa mwanga ni kwamba unauona kwa macho yako. Nikasubiri giza, mpwa wangu akakaa mbele kwenye swichi, mimi buti, nachomoa plagi moja moja. Kwenye amplifaya, mwanga unaingia vizuri kabisa, mwekundu, ila tundu la kutokea giza totoro. Nikapata kile kiplagi kidogo cha kuunganisha faiba mbili, nikairuka amplifaya, na skrini ikarudi ikatulia!! Sauti hakuna, maana spika zinaitegemea hiyo hiyo amplifaya, lakini nilicheka peke yangu.

Hapo wengi wangenunua amplifaya. Subiri kwanza, pima umeme wake. Moto upo, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) hakuna. Nikafungua plagi, ndani kutu ya kijani na pini ya ethi imeliwa, na chini ya zulia maji yamesimama, yaliingilia kwenye raba ya taa ya nyuma. Pini mpya, waya nusu mita, mambo yakarudi yote.

Ah, na hiyo faiba usiikunje kama waya wa kawaida, ikipinda sana mwanga unapotea, wala usiisokote na kuipiga nailoni tepu, na ncha zake usizishike na vidole vya grisi.

Raba ya taa nimeipaka silikoni. Jumapili ilinyesha, nikaenda kupapasa buti, kavu. Yule wa laki saba na nusu bado ananipigia kuuliza kama hela imepatikana.