Siku Moja ya Mwonyesha Anga: Jumanne ya Nyotamkia

Wengi wanaoniona nikishusha darubini garini hudhani kwamba napima viwanja au napiga ramli. Kazi yangu ni kuwaonyesha watu anga, asubuhi shuleni na jioni ufukweni, hapa Unguja. Nimechagua kuieleza Jumanne ya tarehe 15 Oktoba 2024 kwa sababu nyotamkia C/2023 A3, maarufu kwa jina la Tsuchinshan-ATLAS, ilikuwa imefika karibu kabisa na Dunia siku tatu kabla yake, umbali wa kilomita milioni 71 hivi, na kila mwenye simu alikuwa ameshaiona pichani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Malindi, kwenye soko la samaki, kununua barafu. Wauzaji wameshanizoea, nao hunivunjia pande langu bila kuniuliza samaki wako wapi.

Saa mbili nilikuwa mbele ya darasa la sita. Niliiponda barafu ndani ya mfuko, nikaichanganya na mchanga, unga wa mkaa na maji kidogo, kisha nikaikandamiza kwa viganja mpaka likapatikana donge jeusi linalotona maji. "Mwalimu, mbona chafu hivyo?" aliuliza msichana wa dawati la mbele, nami nilifurahi, maana swali hilo ndilo hasa nililokuwa nikilingoja. Nyotamkia si nyota. Kiini chake ni barafu ya maji na gesi zilizoganda, pamoja na vumbi, na kwa kawaida upana wake ni kilomita chache tu. Kiini cha nyotamkia ya Halley, ambacho chombo cha anga cha Giotto kilikipiga picha kwa karibu mwaka 1986, huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaokifikia. Kitu hicho cheusi hukaa muda mrefu sana katika baridi ya mbali, kwenye njia iliyorefuka mno, na kinapolisogelea Jua barafu yake hugeuka gesi moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, ikilibeba vumbi pamoja nayo. Hapo ndipo mkia unapozaliwa.

Kisha nilimpa mwanafunzi mmoja kikaushia nywele awe Jua, na mwenzake akalizungusha donge lililochomekwa nyuzi za utepe. Darasa zima liliona kwamba tepe zilielekea mbali na Jua wakati wote, hata donge lilipokuwa likirudi lilikotoka, yaani mkia ulikuwa umetangulia mbele. Mwalimu wao mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliomba nirudie tangu mwanzo.

Mchana nilikula, nikafuta chumvi ya bahari kwenye lenzi, nikalala saa moja.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Mangapwani, mimi na mwenzangu, tukilinganisha vioo vya darubini. Tulichagua ufukwe huo kwa sababu unatazama magharibi na hauna taa nyingi. Jua lingetua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, na nyotamkia yenyewe ingezama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo muda wa kuiona vizuri ulikuwa kama dakika arobaini na tano, nao uliangukia katikati ya magharibi na isha. Mzee aliyetukodi kwa ajili ya familia yake nilikuwa nimemweleza hayo kwa simu, nikamsihi waje waswali magharibi huku huku, naye alikubali.

Saa moja kamili hawakuwepo. Nilipiga simu. "Tupo njiani, kijana wangu," alijibu, na nyuma yake nikamsikia mtoto akiogeshwa. Mbele yangu nyotamkia ilikuwa imeshatokeza, na kila dakika iliyopita iliishusha kuelekea ukungu wa baharini. Hakuna jambo linalonichosha katika kazi hii kuliko kusimama karibu na darubini iliyokwisha kuelekezwa, na wa kuitazama hayupo.

Walifika saa moja na dakika ishirini, taa kubwa za gari zikitumulika usoni. Niliomba zizimwe, zikazimwa, na macho yakahitaji muda mwingine kuzoea giza. Mzee aliinama kwenye darubini, akainuka, akanionyesha simu: mkia wa kijani na dhahabu uliotanda nusu ya anga. "Nimelipia hii," alisema. Nilimweleza kwamba kamera hukusanya mwanga kwa sekunde nyingi na jicho haliwezi, na kwamba mbalamwezi, iliyobakiza siku mbili kuwa kamili, ilikuwa ikiufifisha mkia. "Basi umetuleta siku mbaya." Nilimkumbusha kwa adabu kwamba siku aliichagua yeye.

Nikamwacha, nikamshika mkono mama yake mzazi, tukasimama nyuma ya mvinje mahali ambapo mwezi haukutufikia. "Bibi, tazama Zuhura, ile inayong'aa sana. Sasa nyoosha mkono, upime ngumi mbili kwenda kulia. Usiikazie macho, tazama kando yake kidogo." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Naiona. Kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni." Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, na mzee akaja.

Bibi aliniuliza kama ni ishara ya vita, kama walivyosema wazee wake. Nilimwambia kwamba ilionekana kwanza Januari 2023 katika kituo cha kutazamia anga cha Purple Mountain nchini China, na mwezi uliofuata na darubini ya ATLAS ya Afrika Kusini, na kwamba siku yake ya kulikaribia Jua, tarehe 27 Septemba 2024, ilikokotolewa mapema kabisa. Jambo ambalo wanaastronomia hawakuweza kulikokotoa ni kama ingesalimika. Mwezi Julai mwanaastronomia mmoja alichapisha hoja kwamba ilikuwa ikivunjika, lakini ilipita kilomita milioni 59 hivi kutoka kwenye Jua na kutoka nzima. "Alhamdulillahi," alisema bibi, na kwangu jibu hilo lilitosha malipo ya jioni nzima.

Mwanawe hakuona hivyo. Nyotamkia ilipozama aliomba apunguziwe nusu ya bei. Nilikataa. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na kuchelewa hakukuwa kwangu. Watoto waliitazama sayari ya Zohali, pete zake zikiwa nyembamba kwa sababu mwaka huo tulikuwa tukiziona karibu kwa ubavu, na baada yao mzee alitazama mara mbili, akalipa chote.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza kufunga masanduku. Simuni kulikuwa na ujumbe wa mtu mwingine anayetaka kesho. Nilimjibu kwamba Jumapili itafaa zaidi: nyotamkia itakuwa imefifia, lakini itakaa juu zaidi na mwezi utachelewa kuchomoza, ila yeye na watu wake wawe wamefika kabla ya magharibi.