Nilivyoacha kuuza logo ndo ofisi ikaanza kukua

Vijana wa dizaini nikikutana nao swali ni lilelile, kaka ulitokaje kwenye logo za elfu thelathini mpaka ukawa na ofisi inayoshauri watu mambo ya brandi. Huwa naanza na habari ya viungo vya pilau, wanadhani nakwepa swali.

2016 nilianza na laptopu ya mtumba, chumba kimoja Sinza, Dar, nachora logo, kadi za harusi, mabango ya saluni, chochote kinachokuja. Bei elfu thelathini, mteja akinuna unashuka ishirini, na marekebisho hayaishi, leo anataka bluu kesho shemeji yake kasema nyekundu ndo inavuta. Nilikua na jina la biashara nililosajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, na TIN yangu ya mlipakodi, basi nikajiona mjasiriamali kwelikweli.

Maonyesho ya Sabasaba ya 2018 niko nazunguka mabanda natafuta wateja, nikamkuta mama mmoja wa Mbezi anasaga viungo vya pilau, kashapita mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, bidhaa safi, harufu inakuita toka mbali ila madukani haitoki. Akaniambia mwanangu nitengenezee logo nyingine, hii ina mkosi. Logo yenyewe ilikua mbaya, siwezi kudanganya. Ila sijui kilinituma nini nikamwambia mama, nipe siku tatu kwanza nikakae dukani.

Nikaenda Manzese kwa Mangi mmoja mwenye duka tunayejuana, nikakaa kwenye kreti ya soda nyuma ya kaunta toka saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, siku tatu mfululizo. Watu wananunua chakula cha usiku huohuo, mafuta ya kupima, nyanya mbili, kitunguu kimoja, "Mangi nipe viungo vya mia mbili". Mia mbili! Na yule mama wa viungo anauza kopo elfu tatu na nusu, liko shelfu ya juu kabisa limeshika vumbi jirani na dawa ya mbu, Mangi mwenyewe anasema mi nikichukua makopo kumi hela yangu inalala. Siku zote tatu sijaona mtu hata mmoja kaangalia logo ya kitu chochote.

Nikamrudia mama na karatasi mbili za maandishi, mchoro hakuna. Nikamwambia logo tuache ilivyo, toa kipakiti cha mia mbili, vining'inie kwenye kamba pale mbele anapofika mtoto aliyetumwa dukani, jina liwe kubwa mtoto aweze kulitamka, makopo peleka supamaketi. Akanikazia macho. Sasa hapo nakulipa nini mwanangu, wakati hujachora kitu? Sikua na jibu, nikaondoka na nauli tu. Miezi miwili baadae vipakiti vinaisha kabla hajasaga vingine, ndo akaniita akanipa laki nne na kuniletea wenzie watatu aliosoma nao SIDO, na hao watatu walikuja wanataka mtu wa kukaa dukani, sio mchoraji.

2019 nikamvuta rafiki yangu wa mauzo, jamaa kazunguka na magari ya usambazaji miaka, duka gani linauza nini analijua kichwani. Tukasajili kampuni, tukachukua chumba juu ya fremu ya tairi. Hapo kitu kimoja kidogo kilitaka kutupoteza. Juni mosi mwaka ule mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, kila duka likawa linataka mfuko mbadala wenye jina lake, simu hazilali, tukawa tunashinda Kariakoo kwa watu wa kuprint, tunagombana na wino. Hela inaingia kweli. Ila usiku mmoja tukakaa na karatasi tukapiga hesabu, mifuko inakula robo tatu ya muda wetu na faida yake haifiki hata robo, na wateja wa ushauri wanasubiri ripoti tangu mwezi juzi. Tukaiacha, mteja wa mfuko tunampeleka kwa mtu wa printi moja kwa moja bila cha juu. Mwenzangu ilimuuma, mpaka leo akiona mfuko mzuri mtaani ananitazama tu.

Mwaka huohuo usimamizi wa chakula na vipodozi ukatoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango, wateja kadhaa wakaja kurekebisha lebo, na sisi tukawa tunawauliza, jina hili umelisajili kama alama ya biashara? Wengi wanadhani cheti cha kampuni kinatosha. Hakitoshi, alama ni usajili mwingine, hapohapo BRELA, bara unapewa miaka 7 ya kwanza ndo unahuisha, na Zanzibar wana usajili wao kivyake. Mmoja alishaprint vifungashio elfu kumi ndo tunakuta jina lina mwenyewe. Toka siku hiyo kazi yoyote inaanza na kulitafuta jina kwanza, na kulitafuta tunalipwa.

Sasa hela, hapa ndo niliota mvi. 2021 tukapata kampuni moja kubwa, siitaji jina, ikawa zaidi ya nusu ya mapato yetu, tukaajiri, tukanunua hadi viti vya kuzunguka. Tulishasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Sasa angalia, ankara ya milioni 10, juu yake VAT 18% yaani milioni 1.8, mteja anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ndo aanze kushughulikia malipo, ukishaitoa basi tarehe 20 ya mwezi unaofuata TRA wanataka milioni 1.8 yao, na mteja mwenyewe bado hajakupa hata mia, mara mfumo haujapitisha, mara mhasibu yuko likizo, siku 90 zimepita. Akija kulipa anakata 5% ya kodi ya zuio anayoipeleka TRA kwa jina lako, laki tano imeondoka, na usipomkumbusha akupe cheti cha kuonyesha kaikata unakuja kuhangaika kwenye hesabu za mwaka. Mara mbili nimelipa VAT kwa hela ya kukopa kwa shemeji.

Katikati ya 2022 wakabadilisha meneja, mpya akaja na watu wake, mkataba wetu ukaisha kwa barua pepe ya mistari mitatu. Tulikua saba tukabaki wanne. Kuna mmoja mkewe alikua katoka kujifungua wiki hiyohiyo. Viti tuliuza.

Baada ya hapo hatukufanya maajabu. Kazi tunaikata vipande vya wiki nne nne na kila kipande kina ankara yake, kishika uchumba ni nusu kabla mtu hajatoka ofisini, hela ya VAT ikiingia inahamia akaunti nyingine siku hiyohiyo ili nisiione. Mteja akikaribia robo ya mapato tunaanza kutafuta wengine kwa nguvu hata kama anatulipa vizuri. Na siku za kukaa dukani zimeandikwa kwenye andiko la kazi tunalompa mteja, kwa bei yake, asiyetaka kuzilipia tunaachana kwa amani, wengine hurudi.

Saivi tuko tisa. Wa kumi namfikiria sana, maana ukifika wafanyakazi kumi tozo ya ufundi ya SDL nayo inakuhusu, mwenzangu anasema hiyo ni sababu ya kibahili, labda.

Mama wa viungo bado yupo, anatulipa kila mwezi, logo ni ileile ya mkosi. Juzi kapiga simu, mwanangu hela zote hizi ninazokupa, si unichoree basi hata mpya moja tu. Nimemwambia mama nipe siku tatu kwanza.