Je, Kompyuta ya Karibu Milioni Tano Inanifaa?

Zamu yangu ya mchezo, yaani upatu wetu wa kuchangiana fedha, ilifika mwanzoni mwa mwezi wa Agosti 2025, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikawa na shilingi milioni tano ambazo hazikuwa zimekwisha kupangiwa kodi ya nyumba, ada wala matibabu. Fedha inayokuja kwa mkupuo ina tabia yake. Ikiingia kidogo kidogo humezwa na matumizi ya kila siku bila mtu kuona ilikokwenda, lakini ikija yote kwa pamoja humfanya mwenye nayo aanze kuvitazama upya vitu vyake na kuviona vimechakaa. Mimi niliitazama kompyuta yangu.

Ni ThinkPad T480 ya Lenovo, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Modeli hii ilitoka mwaka 2018, na ni moja ya zile ambazo makampuni ya Ulaya na Marekani huziondoa ofisini baada ya miaka michache, zikapitia mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, aghalabu wa Dubai, kabla ya kufika kwetu. Kifuniko kina mkwaruzo niliourithi kwa mwenyewe wa kwanza, herufi A kwenye kibodi imefutika kabisa (kwa mtu anayeandika Kiswahili kutwa nzima hilo lilikuwa lazima litokee), na feni huvuma ninapofungua faili kubwa. Ninaishi kwa kutafsiri na kuhariri, hasa miongozo ya afya, ripoti za miradi na mikataba, kwa hiyo mashine hii ndiyo inayonilisha, na nimeamua kuandika hapa jinsi nilivyoifikiria kwa sababu najua wapo wengine wenye kazi kama yangu wanaopiga hesabu hiyohiyo.

Niliyoitamani ni MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M4, ambayo Apple iliitoa mwishoni mwa mwaka 2024. Kule Marekani bei yake ilianzia dola 1,599, yaani karibu milioni nne kwa kiwango cha wakati huo cha kubadilishia fedha. Dukani huku mjini niliambiwa milioni nne na laki nane, na muuzaji akasema kwa upole kwamba hapo ameshanipunguzia. Aliniruhusu kuifungua na kuandika kidogo. Sitaki kujifanya kwamba haikunigusa. Maandishi kwenye kioo kile yanaonekana kama yamechapwa kitabuni, na niliporudi nyumbani na kuwasha ya kwangu nilihisi kama mtu aliyevua miwani. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walijua wanachokisema.

Mdogo wangu, ambaye hupiga na kuhariri video za harusi na sendofu, hakuona kuna la kujadili. “Dada, rahisi ghali,” aliniambia. “Nunua mara moja upumzike.” Yeye alinunua MacBook Pro ya aina ya nyuma kidogo, yenye chipu ya M1 Pro, na kwake uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Ndani ya chipu hizo kuna sehemu maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya kusoma na kuandika video, kwa hiyo kazi ambayo mashine yake ya zamani iliachiwa usiku kucha sasa huisha akiwa bado yuko mezani. Saa alizookoa amezigeuza kuwa harusi nyingine, na harusi nyingine ni fedha nyingine. Lakini methali yake inakihusu kitu cha bei ndogo kinachoharibika upesi kikanunuliwa tena, ilhali ThinkPad yangu, pamoja na uzee wake, haijawahi kunilaza kazi.

Swali nililojiuliza, kwa hiyo, lilikuwa ni wapi hasa ninasubiri. Mtafsiri anayeijali kazi yake hutoa maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, na kikomo hicho kinawekwa na kichwa, macho na mgongo wake, kwa maana sehemu kubwa ya siku hupita katika kutafuta namna ya kulisema vizuri jambo ambalo mwandishi wa kwanza alilisema ovyo. Hakuna chipu itakayonifupishia muda huo. Kama kompyuta ya milioni nne na laki nane ingenifanya nitoe maneno 3,000 bila ubora kushuka, ningeikimbilia, lakini haiwezi. Kinachoweza kupungua ni ule muda mdogomdogo wa kukwama: ninapohama kutoka kwenye faili kwenda kwenye kamusi, skrini ikaganda kidogo, nami nikasahau sentensi niliyokuwa nimeishika kichwani. Muda wenyewe ni mfupi, lakini kilichopotea ni ile sentensi, na hiyo ndiyo hasara.

Basi niliiwasha Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha ni kiasi gani cha kompyuta kinatumika, nikaiacha wazi pembeni nikiwa kazini kama kawaida, nikiwa na Trados Studio, programu ya watafsiri, yenye hifadhi kubwa ya tafsiri za zamani, kivinjari chenye vichupo vingi kuliko ninavyopenda kukiri, faili la PDF la mwongozo wa asili na kamusi mbili. Prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, ambayo nilikuwa nikiilaumu kwa umri wake, ilikuwa ikitumika robo tu kwa muda mwingi. Kilichokuwa kimejaa hadi ukingoni ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM. Mashine yangu ilikuja na gigabaiti 8, na zikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Hata diski ya SSD, ambayo ni ya haraka, ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu yenyewe. Kule kuganda kulikuwa ni huko kuhamishwa-hamishwa. Nilichokuwa nikikiita uzee kilikuwa ni ufinyu.

Jambo hili lilibadilisha hesabu yote, kwa sababu T480 ina nafasi mbili za kuchomeka RAM na kwenye yangu moja ilikuwa tupu. Fundi hufungua kifuniko cha chini, huchomeka kipande cha gigabaiti 16, hufunga, na kazi imekwisha. Kwenye MacBook za sasa kumbukumbu imeunganishwa na chipu yenyewe tangu kiwandani, mpango unaosaidia kasi na unaopunguza matumizi ya umeme, lakini maana yake ni kwamba kiasi utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho, na kuongeza hata ngazi moja wakati wa kununua hugharimu dola 200 kwa bei ya Apple yenyewe. Sioni kwamba ni wizi kama wasemavyo baadhi ya mafundi. Ni biashara ya mtu anayejua kwamba hutakuwa na pa kwenda baadaye.

Upande wa betri ndiko MacBook iliponishinda hoja kwa haki. T480 ina betri mbili, ya ndani yenye wati-saa 24 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) na ya nyuma inayochomolewa, na ukiweka ile kubwa ya nyuma yenye wati-saa 72 unapata jumla ya 96. MacBook ya inchi 14 ina wati-saa 70 na kidogo tu. Hata hivyo Apple wanaitangazia hadi saa 24 za kutazama video, na hata ukipunguza tangazo hilo kwa nusu kama ada ya matangazo, bado inabaki siku nzima ya kazi ambayo yangu haiwezi kuifikia ikiwa na akiba kubwa zaidi. Tofauti ipo kwenye chipu: prosesa yangu ni ya teknolojia ya nanomita 14 na M4 ni ya nanomita 3 (namba ndogo ni teknolojia mpya zaidi), na kazi ileile ya kuchapa maandishi inakula umeme kidogo sana kwa huyu mpya. Mtu aliyefanya kazi Dar es Salaam wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawezi kulipuuza jambo hilo. Ila mgao ule umepita tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzalisha, na kukatika kwa umeme kunakobaki mtaani kwetu ni kwa saa chache. Kwa saa chache hizo, betri kubwa ya nyuma inanitosha, na ninaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine kwa sababu ile ya ndani huendelea kuishikilia.

Kuhusu kudumu, kila upande una lake. Oktoba 14, 2025 ndiyo tarehe ya Windows 10 kufikia mwisho wa masasisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11 haizikubali prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. T480 yangu ina kizazi hichohicho cha nane, kwa hiyo imepenya mlango ukiwa unafungwa, wakati ndugu yake mkubwa T470 alibaki nje. Ni bahati ambayo siwezi kuitegemea mara mbili. Apple nao walitangaza Juni 2025 kwamba toleo la macOS, mfumo unaoendesha Mac, waliloliita Tahoe, litakuwa la mwisho kwa Mac za Intel, lakini zile za M1 za mwaka 2020 bado zimo, na anayenunua M4 leo ana miaka kadhaa mbele yake bila wasiwasi. Kwa upande mwingine, Trados Studio imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, na ingawa baadhi ya wateja wangu wamehamia kwenye mifumo ya kivinjari, yule anayenilipa vizuri zaidi hajahama. Ningelazimika kuiendesha Windows ndani ya Mac kwa programu ya kampuni nyingine, ili nifanye kazi ambayo ThinkPad inaifanya bila maneno. Kununua farasi kisha ukambebesha punda mgongoni!

Zipo pia sababu ambazo si za kiufundi. Mara nyingine ninatoka Kimara kwenda Posta kwa mwendokasi, jioni narudi nikiwa nimesimama, begi kifuani, katika msongamano ambao hata kuugeuza mkono ni shida. Hivi sasa ninaibeba ThinkPad yangu bila kuiwazia, kwa kuwa ikiibwa nitalia kwa ajili ya mafaili, ambayo yana nakala mahali pengine, na nitapata nyingine kama hiyo wiki hiyohiyo. Ningeibeba ile nyingine kama ninavyombeba mtoto mchanga wa watu. Na ikiharibika baada ya mwaka wa dhamana kwisha, Apple haina duka lake lenyewe hapa nchini, ningebaki kumtafuta fundi mwenye ujuzi na vipuri vyake, ilhali vipuri vya T480 vinapatikana kirahisi na Lenovo wameuweka wazi mtandaoni mwongozo wa kuifungua hatua kwa hatua.

Nikagawanya milioni nne na laki nane kwa miaka mitano: shilingi 960,000 kwa mwaka, 80,000 kwa mwezi. Ukiitazama hivyo haitishi, na ninaelewa kwa nini wauzaji hupenda kuigawanya. Lakini shilingi 80,000 za kila mwezi zinatakiwa zirudi kwa njia fulani, kwa maneno mengi zaidi au kwa macho yasiyouma, na kwa upande wa maneno nimekwisha kuona kwamba hazirudi.

Kwa upande wa macho zinarudi, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kioo changu kina nukta 157 kwa inchi moja na kile cha MacBook kina 254. Kwa mtu anayesoma kutwa, na ambaye ameanza kuusogeza mbali ujumbe wa simu ili ausome, tofauti hiyo si anasa. Lakini inchi 14 ni inchi 14. Ninachokihitaji zaidi ya ung'avu ni nafasi ya kuyaweka maandishi ya asili upande mmoja, tafsiri upande wa pili na kamusi chini yake, bila kukunja shingo. Skrini ya mezani ya inchi 27 yenye ukali wa 4K, hata ikiwa ya mtumba, inanipa nafasi hiyo yote kwa sehemu ndogo ya bei, na ukali wake, nukta 163 kwa inchi, unakaribiana na wa kioo nilicho nacho, ila inakaa kwenye usawa wa macho na si mapajani.

Kwa hiyo MacBook nimeiacha dukani. Nimeweka gigabaiti 16 kwenye ile nafasi tupu na nimenunua betri kubwa ya nyuma, na vyote viwili havikufika laki tatu. Kule kuganda kumekoma. Feni bado inavuma. Skrini nitaitafuta mwezi ujao, nikikumbuka kuiunganisha kwa waya wa USB-C, kwa kuwa tundu la HDMI la T480 ni la toleo la zamani linalotoa picha 30 tu kwa sekunde kwenye 4K, na kishale cha panya huonekana kikijivuta. Kiasi kikubwa cha milioni tano kimeingia SACCOS kikisubiri ada ya Januari.

Kitu kimoja kinaweza kunirudisha dukani. Mteja mmoja ameulizia kama ningependa kutafsiri maandishi ya chini ya filamu fupi za mafunzo, kazi ambayo ingenitaka nifungue video kubwa siku nzima, nizisimamishe, nizirudishe nyuma na kuzitoa upya zikiwa na maandishi. Hapo prosesa ya 2018 itakuwa ndiyo inayonichelewesha, na hesabu ya mdogo wangu itakuwa imegeuka kuwa yangu. Mkataba ukija, na ukiwa wa muda wa kutosha kuirudisha fedha, nitaanza kwa kuiangalia MacBook Air ya M4, ambayo mwaka 2025 kule Marekani ilianzia dola 999 ikiwa na gigabaiti 16, kabla ya kuigusa ile Pro tena.