Jina Lililokwama Ulimini

Juzi mjukuu wangu alinikuta nimeweka vidole kwenye kifundo cha mkono, akauliza, "Bibi, unahesabu nini?" Nikamjibu kwamba nausikiliza moyo kama unakwenda sawa. Yeye aliridhika, lakini mimi nilikumbuka kile kikao cha VICOBA.

Nilikuwa nimesimama nikisoma marejesho ya mikopo, kazi niliyoizoea, nilipofika kwenye jina la jirani yangu nikasikia sauti yangu ikitamka kitu kisichokuwa jina la mtu wala neno la lugha yoyote. Nikarudia, kikatoka kibaya zaidi. Herufi nilikuwa naziona, jina nilikuwa nalijua, na mwenye jina alikuwa ananitazama akitabasamu, akisubiri kusikia deni lake, lakini ulimi haukunitii. Wenzangu wakacheka, wakidhani natania. Kisha kalamu ikaniponyoka mkono wa kulia, na aliyeketi karibu nami akaacha kucheka. "Mama, kaa chini." Kabla bajaji haijafika nilikuwa nasema vizuri kabisa, tena nadai turudi kwenye marejesho.

Hospitalini nikaambiwa ni kiharusi kidogo. Presha ilikuwa juu kiasi tu, picha ya kichwa haikuonyesha kitu, kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi; nikaandikiwa aspirini. Ndugu walifurahi. Mimi nilitaka kujua kimetoka wapi.

Chanzo kilionekana baadaye, daktari wa moyo aliponivalisha kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24: usiku, nikiwa usingizini, vyumba vya juu vya moyo vilitetemeka bila mpangilio badala ya kusukuma, na damu inayotuama humo huweza kuganda, kisha kibonge kikasafiri hadi kwenye ubongo. Kwa hali hiyo aspirini haitoshi. Nikaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu ikawa inapimwa mara kwa mara ili INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3, kwa kuwa ikishuka damu huganda kirahisi, na ikizidi mtu huweza kuvuja damu. Hata kisamvu sasa nakila kwa kiasi kisichobadilika, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Dada yangu bado anaamini kwamba ulikuwa upepo mbaya, na kwamba dua aliyonisomea ndiyo inayouzuia usirudi. Sina njia ya kumthibitishia ni nini kimezuia jambo ambalo halijatokea, kwa hiyo dua naipokea, mradi aniache nimeze kidonge changu saa mbili usiku.