Kura ya mnara na kisu cha bucha

Nina bucha Mabatini, hapa Mwanza, kwa hiyo habari ya nani achinje, Mwislamu au Mkristo, naijua kuliko ninavyopenda. Mwaka 2013 ugomvi huo ulimwaga damu upande wa Geita. Hadi leo yupo mteja atakayegeuza nyama, kisha aninong'oneze: "Kaka, hii kachinja nani?"

Ndiyo maana Uswisi imenikaa kichwani. Mwaka 1893 wananchi wa kule walipiga kura kukataza kumchinja mnyama kabla hajapotezwa fahamu. Eti huruma kwa ng'ombe. Waliobanwa ni Wayahudi, ambao dini yao hutaka mnyama achinjwe akiwa na fahamu, raia waliokuwa wamepata haki zao juzi juzi tu. Mwaka 2009 kura nyingine ikapiga marufuku minara ya misikiti, asilimia 57.5 wakaafiki. Shirikisho la jumuiya za Kiyahudi la Uswisi lilipinga.

Shemeji yangu hakuamini kwamba Wayahudi waliwatetea Waislamu. "Na Gaza je?" Gaza ipo, sikatai. Wala Wayahudi hawasemi kwa mdomo mmoja: Ufaransa, baada ya watoto kuuawa kwenye shule ya Kiyahudi Toulouse mwaka 2012, wengi wana hofu, na hofu yao ina sababu. Wengine huwaambia wahamiaji Waislamu: sisi tuliiga wenyeji, nanyi igeni.

Hapo ndipo sikubaliani nao. Alfred Dreyfus, Myahudi, alikuwa kapteni wa jeshi la Ufaransa, Mfaransa hadi kwenye sare. Mwaka 1894 alihukumiwa kwa usaliti asioufanya, na akasafishwa mwaka 1906.